Mbio za Kayaki za Dusi

Mbio za Dusi ni mashindano ya kayaki ya mtoni yanayofanyika kila mwaka katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Washindani huanzia mji wa Pietermaritzburg na kumalizia Durban, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Umbali wake ni takriban kilomita 120, na huchukua siku 3. Ni miongoni mwa mbio za kayaki mashuhuri zaidi barani Afrika. Zinajulikana hasa kwa sababu mshindani hawezi kushinda kwa kupiga kasia tu. Ni lazima pia abebe chombo chake begani na kukimbia nacho milimani.

Jina

"Dusi" (huandikwa pia "Duzi") ni kifupisho cha Msunduzi, mto unaopita katikati ya Pietermaritzburg. Msunduzi ni tawimto la mto uMngeni, ambao huingia baharini mjini Durban. Mbio hufuata mito hiyo miwili.

Historia

Mwanzilishi wa mbio hizi ni Ian Player (1927–2014), mhifadhi wa wanyamapori anayekumbukwa pia kwa kazi yake ya kuwaokoa vifaru weupe wasitoweke. Mbio za kwanza zilianza Desemba 1951, washindani wakiwa 8. Player peke yake ndiye aliyefika Durban, baada ya siku 6, saa 8 na dakika 15. Alifika ingawa aliumwa na nyoka njiani.

Hapo mwanzo kila mshiriki alijitegemea kwa chakula na vifaa vyote. Baadaye mbio ziligawanywa katika hatua 3, hatua moja kwa siku, na wasaidizi wakaruhusiwa kuwasubiri washindani kando ya njia wakiwa na maji na chakula. Washindi wa siku hizi hutumia takriban saa 8 tu kwa jumla ya siku zote 3.

Mmoja wa mabingwa walioshinda mara nyingi zaidi ni Graeme Pope-Ellis (alifariki 2010), aliyepata ushindi mara 15 kati ya 1972 na 1990 na kuitwa "Mfalme wa Dusi". Martin Dreyer alishinda mara 7, kisha akaanzisha chuo cha kuwafunza kayaki vijana wa bondeni. Andy Birkett naye ameshinda zaidi ya mara 10.

Njia

Siku ya kwanza (takriban kilomita 42) huanzia Pietermaritzburg hadi Daraja la Dusi. Mto hapa ni mwembamba, na mjini umekatizwa na kuta fupi za kuzuia maji ambazo kayaki huteremka juu yake. Siku hii ina mbio ndefu za nchi kavu.

Siku ya pili (takriban kilomita 46) hupita Bonde la Vilima Elfu, makazi ya Wazulu wengi. Baada ya Msunduzi kuungana na uMngeni maji huwa mengi zaidi na mikondo huwa mikali. Mwisho wa siku ni Bwawa la Inanda, ambako maji hayaendi kabisa. Mshindani aliyechoka hukabili kilomita kadhaa za kupiga kasia bila msaada wa mkondo.

Siku ya tatu (takriban kilomita 36) huanzia Inanda hadi Blue Lagoon, mahali mto unapoingia baharini. Humo mna mlima maarufu uitwao Burma Road, ambao wengi huupanda wakiwa na kayaki begani.

Vyombo na mbinu

Kayaki ni chombo chembamba kinachoendeshwa kwa kasia lenye bapa kila upande. Kayaki za mbio hizi hutengenezwa kwa faiba au nyuzi nyingine imara zilizo nyepesi. Ya mtu mmoja ina urefu wa takriban mita 5.2, na ya watu wawili mita 6.5. Chombo chepesi ni rahisi kubeba, lakini hupasuka haraka kikigonga mwamba.

Uamuzi mgumu ni kujua pa kupiga kasia na pa kukimbia. Mto unapopinda sana, njia ya nchi kavu huwa fupi, hata kama ni ya kupanda mlima. Maji yakiwa machache, miamba hujitokeza na kukimbia huwa na faida. Yakiwa mengi, hodari wa mikondo hubaki mtoni. Kiasi cha maji hutegemea mvua pamoja na yale yanayofunguliwa kutoka mabwawa kama Nagle na Inanda. Ndiyo sababu mbio hufanyika majira ya mvua ya huko, siku hizi kwa kawaida mwezi wa Februari.

Usafi wa maji

Tatizo kubwa la Dusi ni uchafu wa mto. Maji taka hutoka katika mabomba yaliyochakaa au kuziba mjini Pietermaritzburg na kuingia Msunduzi, na mvua kubwa husomba takataka pamoja nayo. Kwa hiyo bakteria ya Escherichia coli, ambayo ni dalili ya kinyesi majini, hupimwa kabla ya mashindano. Washindani wengi wamewahi kuugua kuhara baada ya kumeza maji, hata ugonjwa huo ukapewa jina la mbio zenyewe. Mwezi wa Agosti 2019 mafuta ya kupikia na kemikali kutoka kiwandani vilimwagika mtoni na kuua samaki wengi sana.

Mshindani hukaa mtoni siku 3, lakini wakazi wa bondeni huishi kando yake mwaka mzima, na wengine hufua, huoga na kunywesha mifugo humo. Wapiga kasia walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Duzi-uMngeni Conservation Trust, shirika linalofuatilia uvujaji wa maji taka, kuondoa takataka na magugu, na kuwashirikisha wakazi katika kuutunza mto.