Keya katika Vita vya Pili vya Dunia

Keya ndilo jina la Kiswahili la King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Katika vita vya 1939–1945 askari wake walipigana na Waitalia Somalia na Uhabeshi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupambana na Wajapani. Kabla ya hapo Singapore, ngome ya Waingereza iliyosifiwa kuwa haitekeki, ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Askari waliona Wazungu wakishindwa na Waasia, na nchini India walikuta madai ya uhuru yamepamba moto. Uingereza ilimaliza vita na madeni makubwa, na India ikajitawala 1947.

Miongoni mwa askari hao, Waruhiu Itote alirudi Kenya, baadaye akajulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na Waingereza. Abdulwahid na Ally Sykes, nao wakiwa askari wa zamani wa Keya, walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1954. Hata hivyo, ni kutia chumvi kudai kwamba Keya ndio walioleta uhuru: wengi wao walirudia jembe au vibarua vya mjini. Nchini Kenya kilichochoma zaidi ni ardhi, kwani wanajeshi wastaafu wa Kizungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu, na wenzao Waafrika wakanyimwa.