Polisi wa Masisi: Nani Anawalipa, Nani Anawahoji?

Nyamitaba ni senta ndogo katika usultani (eneo la chifu) wa Bashali, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, na historia ya polisi wa huko haitenganiki na historia ya kodi. Kila utawala uliopita katika milima hii uliwaweka polisi kwanza wakusanye, ulinzi ukafuata kama masazo. Dikrii ya 1910 iliwageuza machifu kuwa mawakala wa Wabelgiji. Ile ya 1933 ikauimarisha usultani wenye sanduku lake la fedha, mahakama yake na polisi wake. Polisi hao waliwasaka wasiolipa kodi na kuwasukuma watu kwenye barabara na mashamba ya lazima, kazi ambazo mwanamume aliweza kudaiwa hadi siku 60 kwa mwaka. Nyuma yao ilisimama Force Publique, jeshi lililofanya pia kazi ya polisi. Kuanzia 1937 koloni ikawahamishia Masisi maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda, ikawapa usultani wa Gishari, kisha ikaufuta mwaka 1957. Tangu hapo, kwa kuwa mwenye usultani alishika polisi na ardhi pia, kuuliza polisi ni wa nani kulikuwa pia kuuliza ardhi ni ya nani.

Wapo wanaosema kwamba enzi ya Mbelgiji angalau kulikuwa na nidhamu. Nidhamu ilikuwepo, lakini aliyeonewa na polisi alipeleka malalamiko kwa chifu yule yule aliyemtuma polisi huyo. Utulivu wa namna hiyo hukaa maadamu bwana mkubwa yupo, na akiondoka haurithishi taasisi. Baada ya uhuru, Rais Mobutu aliunda Polisi ya Taifa mwaka 1966, akaivunja 1972 na kuitia ndani ya jandarmeri, halafu mwaka 1984 akaunda kikosi kingine, Gardi Sivili. Sare zilibadilika, lakini mshahara ulipokosekana, tozo za bariere za barabarani zikawa ndizo mshahara. Mei 1996, watu wengi waliokimbilia monasteri ya Mokoto, wilayani Masisi, waliuawa, na hakuna kikosi chochote kati ya hivyo kilichowakinga.

Wengine hujibu kwamba tatizo ni vita, si polisi. Vita ni mzigo kweli, lakini waasi nao walirudia mtindo ule ule. Kundi la CNDP lilijenga utawala wake na kutoza kodi zake, na mapatano yake na serikali ya Machi 23, 2009 yakawaingiza watu wake katika jeshi na polisi ya taifa. Katiba ya 2006 inakataza mtu yeyote kuitumia polisi kwa faida yake, na sheria ya 2011 ikapanga upya polisi ya taifa. Hata hivyo waasi wa M23 walipouchukua mji wa Kitshanga Januari 2023, wenye kutoza walibadilika tena. Kwa hiyo mageuzi yanayoanzia kwenye jina, sare au mafunzo yanaanzia pabaya. Polisi wa Masisi atakuwa mlinzi siku mshahara wake utakapofika bila kupitia bariere, na mwanakijiji atakapoweza kumshtaki mbele ya mtu ambaye si mkubwa wake.