Roy Keane: Nahodha ambaye mashabiki wa Man United wangali wanamjadili

NI wachezaji wachache waliowahi kuvalia jezi ya Manchester United ambao mchango wao huzua ubishi mkali kama Roy Keane, kiungo wa Ireland aliyekuwa nahodha wa klabu hiyo ya Uingereza kuanzia 1997 hadi 2005.

Wapo mashabiki wanaoshikilia kwamba klabu hiyo haijapata kiongozi wa kumfikia tangu aondoke. Wapo pia wanaodai kuwa hasira zake ziliigharimu timu, na kwamba meneja Alex Ferguson hakuwa na budi ila kumwonyesha mlango.

Mjadala huo haujakoma hata baada ya miaka 20. Kila Manchester United inapopigwa nyumbani bila kuonyesha ukakamavu, jina la Keane hutajwa, iwe ni mjini Manchester kwenyewe au miongoni mwa wafuasi wa timu hiyo Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Keane alizaliwa Agosti 10, 1971 katika jiji la Cork, kusini mwa Ireland. Alichezea klabu ndogo ya Cobh Ramblers kabla ya kusajiliwa na Nottingham Forest mnamo 1990, wakati timu hiyo ilikuwa chini ya meneja mashuhuri Brian Clough.

Forest iliposhushwa daraja 1993, Blackburn Rovers ilikaribia kumnyakua. Hata hivyo, Ferguson aliingilia kati na kumsajili kwa pauni 3.75 milioni, kiasi ambacho wakati huo kilikuwa rekodi nchini Uingereza.

Katika msimu wake wa kwanza, Manchester United ilitwaa Ligi Kuu na Kombe la FA. Ufanisi huo ulirudiwa msimu wa 1995/96, na taji jingine la ligi likafuata 1997.

Mfaransa Eric Cantona alipostaafu ghafla Mei 1997, Ferguson alimkabidhi Keane utepe wa unahodha. Hapo ndipo yalipoanza mambo yanayobishaniwa hadi leo.

MSIMU BILA NAHODHA

Hoja ya kwanza ya wanaomtetea inatokana na msimu ambao hakucheza. Mnamo Septemba 27, 1997, Keane aliumia vibaya kano za goti katika mechi dhidi ya Leeds United uwanjani Elland Road, na hakucheza tena hadi msimu ukamalizika.

Bila yeye, Manchester United iliachilia uongozi wa ligi uliokuwa mikononi mwake. Arsenal ya Arsene Wenger ilitoka nyuma na kutwaa ligi pamoja na Kombe la FA mnamo 1998.

Aliporejea msimu uliofuata, klabu hiyo ilishinda mataji matatu kwa mpigo: Ligi Kuu, Kombe la FA na Klabu Bingwa Ulaya. Kwa wanaomtetea, misimu hiyo miwili inatosha kuwa ushahidi.

Wanaompinga hujibu kwamba hata jeraha hilo lilikuwa na chanzo chake. Keane aliumia alipokuwa akijaribu kumchezea visivyo Alf-Inge Haaland wa Leeds, mchezaji ambaye jina lake lingerudi kumwandama miaka minne baadaye.

USIKU WA TURIN

Mechi inayotajwa zaidi katika ubishi huu ni ile ya Aprili 21, 1999 mjini Turin, Italia. Ilikuwa nusu fainali ya mkondo wa pili ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Juventus, baada ya timu hizo kutoka sare ya 1-1 Old Trafford.

Filippo Inzaghi aliifungia Juventus mabao mawili kabla ya dakika 12 kutimia. Wengi waliamini safari ya United imefika tamati.

Keane alipunguza pengo kwa kichwa kufuatia kona iliyopigwa na David Beckham. Muda mfupi baadaye alionyeshwa kadi ya njano kwa kumchezea visivyo Zinedine Zidane, kadi iliyomaanisha kwamba hangecheza fainali hata timu yake ikifuzu.

Badala ya kuvunjika moyo, aliongeza bidii. Alikaba, akagawa pasi na kuwahimiza wenzake hadi Dwight Yorke na Andy Cole walipofunga na kuipa United ushindi wa 3-2. Ferguson mwenyewe baadaye alisifu mchezo huo kuwa mfano wa mtu aliyejitolea kwa ajili ya wenzake.

Mei 26, 1999, Keane alitazama fainali jijini Barcelona akiwa amevaa suti. Peter Schmeichel ndiye aliyekuwa nahodha wakati Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjaer walipofunga katika dakika za majeruhi na kuilaza Bayern Munich 2-1.

Ni hapa ambapo mashabiki hugawanyika kuhusu usiku mmoja. Upande mmoja husema bila Keane hapangekuwa na fainali. Upande wa pili husema nahodha aliyekomaa hangejiweka katika hatari ya kuikosa mechi kubwa kuliko zote, na hukumbusha kwamba wiki moja kabla ya Turin alikuwa amefukuzwa uwanjani katika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal.

Baadaye mwaka huo, Keane alifunga bao la pekee lililoishinda Palmeiras ya Brazil jijini Tokyo katika Kombe la Mabara. Mnamo 2000, wachezaji wenzake na waandishi wa habari za soka walimchagua, kila kundi kwa kura yake, kuwa mchezaji bora wa mwaka nchini Uingereza.

MANENO MAKALI

Keane hakuwakemea wachezaji pekee. Mnamo Novemba 2000, baada ya ushindi mwembamba wa 1-0 dhidi ya Dynamo Kyiv, aliwageukia baadhi ya watazamaji wa Old Trafford. Alilalamika kwamba wapo waliokuja kunywa na kula sandwichi za kamba wa baharini bila kuelewa kinachoendelea uwanjani.

Kauli hiyo iliwakera matajiri waliokuwa wakilipia viti vya kifahari. Kwa mashabiki wa kawaida, waliokuwa wakihofia kwamba klabu inageuzwa kuwa biashara tupu, Keane alikuwa amesema yaliyokuwa mioyoni mwao.

Hofu hiyo ilizidi Mei 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani ilipochukua umiliki wa klabu. Baadhi ya mashabiki walijitenga na kuunda timu yao, FC United of Manchester. Kwa wengi wao, kuondoka kwa Keane miezi michache baadaye kulikuwa pigo juu ya pigo.

Lakini si kila hasira ya Keane inayoweza kutetewa. Aprili 2001, katika debi ya Manchester, alimkanyaga Haaland gotini na kupewa kadi nyekundu. Alipoeleza tukio hilo katika kitabu chake cha 2002, Chama cha Soka cha Uingereza kilimfungia mechi tano na kumtoza faini ya pauni 150,000.

Mwaka huo huo, alirejeshwa nyumbani kutoka kambi ya Ireland kisiwani Saipan kabla ya Kombe la Dunia kuanza, baada ya kumrushia kocha Mick McCarthy maneno makali kuhusu maandalizi duni. Ireland nzima iligawanyika: wapo waliomwona kuwa msaliti, na wapo waliosema ndiye pekee aliyethubutu kudai mambo yafanywe inavyostahili.

KUAGANA NA FERGUSON

Mwisho wake Old Trafford ulianza Oktoba 29, 2005, Middlesbrough ilipoilaza United 4-1. Keane, aliyekuwa akiuguza jeraha la mguu, alihojiwa na runinga ya klabu na kuwashutumu wachezaji kadhaa kwa majina.

Wakuu wa klabu waliamuru mahojiano hayo yasipeperushwe. Wachezaji walikusanywa kuitazama kanda hiyo, na kikao kikageuka kuwa majibizano makali kati ya Keane, Ferguson na msaidizi wake Carlos Queiroz.

Novemba 18, 2005, ilitangazwa kwamba Keane ameondoka. Alikuwa ameichezea United mechi 480 na kufunga mabao 51. Alikuwa ameshinda ligi mara saba, manne kati ya mataji hayo akiwa nahodha, pamoja na Kombe la FA mara nne.

Alijiunga na Celtic ya Scotland kabla ya kustaafu 2006. Mnamo Mei mwaka huo, karibu watu 70,000 walifurika Old Trafford katika mechi ya kumuaga. Waliompenda na waliomlaumu waliketi pamoja na kumshangilia.

Je, Ferguson alikosea? Wanaomuunga mkono meneja huyo hutaja matokeo. United ilitwaa Ligi Kuu 2007, 2008 na 2009, na Klabu Bingwa Ulaya 2008 jijini Moscow. Michael Carrick, aliyesajiliwa 2006 na kupewa jezi nambari 16 ya Keane, alicheza kwa utulivu bila kumfokea mtu.

Wanaomtetea Keane hujibu kwamba hakuna aliyedai angecheza milele. Alikuwa na umri wa miaka 34 na mwili ulikuwa umechoka. Wanachodai ni kwamba Wayne Rooney, Cristiano Ronaldo na wenzao walirithi kikosi ambacho tayari kilikuwa kimefunzwa kutoridhika na nafasi ya pili.

Maisha yake kama meneja hayajaumaliza ubishi. Aliipandisha Sunderland hadi Ligi Kuu 2007 lakini akajiuzulu Desemba 2008, kisha akafutwa na Ipswich Town Januari 2011. Wakosoaji husema ukali uliowatia moyo wachezaji wa hadhi ya juu uliwavunja moyo wale wasiokuwa na kipaji kama chake.

Tangu Ferguson astaafu 2013 hadi kufikia 2025, Manchester United haikushinda tena Ligi Kuu. Manahodha kadhaa walipita, na Keane, sasa mchanganuzi wa runinga, hakuwasaza. Oktoba 2023, baada ya Manchester City kuizaba United 3-0, alisema kwamba angempokonya Bruno Fernandes unahodha.

Kwa baadhi ya mashabiki, hiyo ilikuwa sauti waliyoikosa kwa miaka mingi. Kwa wengine, ilikuwa kumbukumbu ya sababu zilizomfanya Ferguson achoke naye.

Pande zote mbili hukubaliana kwa jambo moja. Keane hakumdai mwenzake uwanjani kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa tayari kukitoa, na usiku ule wa Turin alikitoa akijua kwamba matunda yake yangeliwa na wengine.