Umiliki wa Stesheni ya Reli ya Mpanda

Stesheni ya Mpanda ni kituo cha mwisho cha tawi la Reli ya Kati linalochepuka Kaliua, mkoani Tabora, likavuka mto Ugalla na misitu ya miombo kwa kilometa 210 hivi hadi mji ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Ukitaja mwisho wa reli, wengi hufikiria Kigoma. Mpanda nayo ni mwisho wa reli, na mkasa wake unafaa kusomwa na yeyote anayejiuliza stesheni kongwe iwe mali ya nani.

Tawi hilo lilijengwa kwa ajili ya mgodi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa ikichimba madini ya risasi Mukwamba, jirani na Mpanda, na reli ya kuyasafirisha ilikamilika mwaka 1950 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kampuni ikaondoka, stesheni ikabaki.

Haikubaki kwa sababu tu ilikuwa ya umma. Reli ya kusini, iliyojengwa miaka hiyohiyo kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, ilikuwa chini ya shirika lilelile, nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpanda iliokolewa na abiria na mazao. Kwa miongo mingi kabla ya lami, masika yakishaharibu barabara, mahindi na mpunga vilitoka kwa behewa, na watu vilevile.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, stesheni iliingia mikononi mwa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 ukaja ubinafsishaji: kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya Kampuni ya Reli Tanzania (TRL), serikali ikabaki na asilimia 49. Hata hivyo stesheni hazikuuzwa. Njia, ardhi na majengo vilibaki mali ya umma chini ya RAHCO, kampuni ya serikali ya kumiliki mali za reli, na TRL ikawa mpangaji wa kuendesha treni. Nyumba yenye mwenyewe mmoja na mtumiaji mwingine huzua swali la nani apake rangi na nani azibe paa linalovuja. Ubia ulivunjika mwaka 2011, na sheria ya mwaka 2017 ikaziunganisha RAHCO na TRL katika shirika moja la umma, TRC. Uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Ardhi yenyewe haina mmiliki binafsi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Mtu au kampuni hupata haki ya kuitumia tu.

Pengo kubwa liko kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Kwa hiyo hakuna stesheni hata moja nchini inayolindwa kwa umri wake. Kila moja inahitaji tangazo la Waziri. Bila tangazo hilo, mmiliki wa umma anaweza kubomoa kama mwingine yeyote. Lango kuu la stesheni ya Euston, London, lilibomolewa kuanzia mwaka 1961 na mamlaka ya umma, si na tajiri aliyelinunua.

Mipango ya reli ya kisasa inagusa njia ya Kaliua hadi Mpanda, na kuendelea hadi bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Stesheni ya zamani ibaki mali ya umma, na itangazwe kuwa urithi kabla mkandarasi hajafika.