Neno Lilikuwepo Kabla ya Injini: Shogi

Wiki tatu za video zangu ziliungua kwenye barabara ya James Gichuru, na aliyezichoma ni mimi mwenyewe.

Naishi Muthangari. Nina skuta ndogo ya mkono wa pili, na tangu niache chuo mwaka wa pili kazi yangu ni hizi video mnazoziona hapa. Kamera, taa, laptopu, vyote nabeba mwenyewe. Mgongo ulipogoma nikanunua mifuko miwili laini ya kuning'iniza kando ya kiti, mmoja huku, mwingine kule. Nikaifunga skuta ikiwa imeegeshwa na nikapima: kati ya mfuko wa kulia na egzosi palikuwa na vidole vinne vizima. Nikasema poa, twende. Kabla sijafika Gitanga Road nikasikia harufu ya plastiki. Nikalaumu lori lililokuwa mbele yangu. Manze, lori halikuwa na hatia. Diski ya nje yenye kazi yote ilikuwa imelainika kama ubani.

Usiku huo sikuwa na kazi, kwa sababu kazi ilikuwa imeyeyuka, basi nikaanza kusoma. Swali la kwanza lilikuwa la kijinga: hii mifuko tunaiitaje kwa Kiswahili? Nilidhani hakuna jina. Lipo, na ni la zamani kuliko pikipiki yoyote. Ni shogi.

Shogi ni mfuko mkubwa wa kusukwa kwa ukili, uleule wa mikeka, wenye mdomo katikati. Unautupa juu ya punda, matumbo mawili yanaangukia pande mbili. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa. Mji wao wa kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, kwa hiyo mchanga, mawe na magunia vimepanda mgongoni mwa punda miaka yote. Na mwenye punda anajua mambo mawili ambayo mimi na simu yangu hatukuyajua. Kwanza, pande zote mbili zilingane uzito, la sivyo mzigo wote unazunguka na kuishia tumboni. Pili, chini ya mzigo kuna tandiko, kwa sababu punda anapotembea ngozi yake inasogea, na kinachosogea kinachubuka.

Waingereza, kwa taarifa yenu, waliazima jina lao la mifuko hii kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa lilimaanisha kikapu, kutoka neno la Kilatini la mkate. Sisi tuna letu. Tumeliacha Pwani tu.

Huku Nairobi hadithi ya mzigo ni nzito zaidi. Bara, mabegani na vichwani mwa watu ndipo mizigo ilipokaa. Wanawake wa Kikuyu walibeba kiondo na kuni kwa ukanda uliopita juu ya kipaji. Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakapigana na Wajerumani Tanganyika, na kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo, binadamu wakafanywa wanyama wa mizigo. Kikosi kile kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikakigeuza kuwa Kariokor. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Wewe unashuka pale kununua viatu vya ngozi na kula nyama choma, na jina la stage ni jina lao. Dar nao wana Kariakoo, chanzo ni kilekile.

Baada ya hapo ni magurudumu. Baiskeli nzito nyeusi, Black Mamba, ikabeba maziwa, mkaa, nguruwe mzima. Kule Busia, miaka ya 1960 na kuendelea, vijana waliwavusha watu kwenye keria za baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na boda boda ikazaliwa. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya 250cc, na mji ukabadilika mbele ya macho yetu. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tu kelele.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Pikipiki ya boda ina egzosi iliyofungwa kwenye fremu. Wasee wanafunga kreti kwa blada na maisha yanaendelea. Skuta si hivyo. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio huko Italia ilitoa Vespa, iliyochorwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Aliweka injini pamoja na gurudumu la nyuma, kitu kimoja, na vyote vinapanda na kushuka pamoja. Skuta yangu imerithi wazo hilo. Maana yake, ukiingia shimo, egzosi inapanda lakini kiti hakipandi nayo kwa kiasi hicho. Vidole vyangu vinne nilivipima skuta ikiwa imelala usingizi. Barabarani, nikiwa na uzito wangu juu na matuta chini, vilikuwa sifuri. Shukrani ya punda ni mateke. Ya skuta sasa mnaijua.

Nikapeleka mifuko kwa fundi mmoja Kariokor, mzee wa ngozi. Akaikagua bila haraka.

"Kijana, ulifunga hii ukiwa umekaa juu?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa."

Nikakaa, nikarukaruka kama mjinga mbele ya wateja, yeye amechuchumaa anatazama egzosi. Akapandisha mifuko juu, akashona kipande cha ngozi nene upande wa ndani, na akaniambia niweke fremu ndogo ya chuma kwenye keria ili mfuko usilale kwenye joto. Mikanda nilikuwa nimeipitisha chini ya kiti. Akacheka, kwa sababu tangi langu liko chini ya kiti hichohicho: kila mara nikitaka petroli ningefungua mzigo wote. Tukaipitisha juu. Mwisho akahakikisha taa za kugeukia na namba ya usajili zinaonekana.

Ikabaki risiti. Akauliza aandike nini. Nikamwambia, kwa fahari kabisa, "Andika shogi, jozi moja."

Akanitazama, akaandika: *begi za pikipiki, 2.*