Baada ya Dozi Kwisha

Kindwitwi ni kijiji kilicho karibu na Utete, bonde la Rufiji. Kabla Kibiti haijawa wilaya yake yenyewe katika miaka ya 2010, mtu wa huko, hata wa vijiji vya delta, alikuwa mwana-Rufiji. Na akionekana ana ukoma, Kindwitwi ndiko kulikokuwa na wenzake.

Padri Robin Lamburn, Mwanglikana kutoka Uingereza, alihamia hapo miaka ya 1960, umri ambao wamisheni wenzake walikuwa wakirudi kwao kupumzika. Alikuta watu waliougua mara mbili.

Ugonjwa wa kwanza unajulikana. Ukoma huua hisia: mkono hushika sufuria ya moto bila kujua, mguu hukanyaga mwiba, kidonda huoza bila kuuma. Wa pili ni sonona. Mtu ametengwa sahani, kisha nyumba, kisha mke au mume, na anaanza kukubaliana na waliomtenga. Hapo ndipo magonjwa haya mawili hushikana. Mguu wenye ganzi unataka kulowekwa, kusuguliwa na kupakwa mafuta kila siku, maisha yote. Aliyekata tamaa hauoshi. Kidonda kinafika mfupani, kidole kinapotea, na sababu ya kujificha inaongezeka.

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa tatu kwa pamoja, na ukoma ukawa unapona. Mojawapo, klofazimini, huigeuza ngozi kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Yaani hata tiba ilimtangaza mgonjwa. Na lugha yetu haikusaidia. Aliyepona malaria hana jina. Aliyepona ukoma bado anaitwa mkoma.

Kindwitwi haikuwa na daktari wa akili. Ilikuwa na mashamba, shule, ndoa, na watoto wasio na ugonjwa wanaowaita wazee hao babu na bibi. Kwa maoni yangu hiyo nayo ilikuwa tiba, ingawa ilipatikana kwa kuwaweka watu mbali na kwao, na hilo si jambo dogo.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kitaifa: chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hesabu hiyo huwahusu walio kwenye dawa. Bibi aliyemaliza dozi zamani, anayeshika jembe kwa viganja visivyo na vidole, hayumo.