Meno ya Tupa
Sime ya babu tuliikuta chini ya sanduku la bati, imefungwa kwa gunia na kushika kutu pande zote mbili. Ala yake ilikuwa imetafunwa na panya. Baba mdogo akaniambia niipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kunoa. Dakika tano tu, itang'aa. Nilikataa. Jiwe la mashine huchemsha chuma, na makali yakishageuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha.

Niliilaza kwenye siki usiku kucha. Asubuhi nikaisuuza, nikaisugua taratibu kwa kitambaa na majivu. Karibu na mpini ikatokea mistari myembamba iliyokatizana mshazari. Yalikuwa meno ya tupa.

Sime nyingi za Wamasai zilipatikana hivyo: tupa iliyochakaa au panga kutoka ng'ambo lilirudi motoni na kufuliwa upya. Kabla ya hapo kulikuwa na nyaya. Joseph Thomson alipovuka Umasaini mwaka 1883, wapagazi wake walibeba shanga, nguo na nyaya, kama misafara ya pwani ilivyozoea. Waya wa chuma ukifika kwa mhunzi, uliweza kutoka mkuki.

Wahunzi hao ni ilkunono. Wamasai wenzao hawakutaka kuoana nao. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamasai, aliandika kwamba mtu akipokea mkuki au sime iliyoshikwa na mhunzi, hupaka kwanza mkono wake mafuta, kwa kuwa haikufaa kuipokea kwa mkono mtupu. Moran asingeweza kwenda vitani bila kazi ya mhunzi, lakini mhunzi mwenyewe alihesabiwa najisi.

Nyumbani kwetu jambo hili halikusemwa mezani. Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia shangazi akinong'ona mazikoni kwamba bibi alizaliwa kwa ilkunono. Sasa nilimwonyesha ile mistari. Akaipitishia kidole, akanyamaza kidogo. "Hii aliifua babake mama," akasema. "Usiifute."

Sikuifuta. Nikaanza ala. Nilichonga vipande viwili vya mti laini na kuvifukua ndani. Mara ya kwanza nilifuata umbo la sime yenyewe, nikaharibu. Sime ni nyembamba shingoni na pana karibu na ncha. Ukiibana ala mdomoni, ncha haipiti. Lazima njia yote iwe na upana wa ile sehemu pana. Nikaanza upya. Nilipovibananisha vipande, nikavivika ngozi mbichi ya mbuzi iliyoloweshwa na kuishona ingali na maji. Ilipokauka kivulini ilijikaza yenyewe, mti ukashikana kana kwamba haukuwahi kupasuliwa. Kisha nikaipaka rangi nyekundu.

Ilibaki kazi moja. Jasho la mkono huleta kutu, kwa hiyo chuma hupakwa mafuta kabla ya kuwekwa. Shangazi alinishikia chupa. Kwanza niliishika sime kwa mkono mkavu, mtupu, palepale penye meno ya tupa, naye akafanya vivyo hivyo. Ndipo tukapaka mafuta. Tuliyapaka kwenye chuma.